Mshipa Upi? Uhakiki wa Nadharia ya Mishipa ya Damu katika Sklerosisi ya Mabaka, Ukitazamwa kutoka Gatumba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mjadala uliozuka mwaka 2009 kati ya wagonjwa, madaktari na serikali kuhusu dai kwamba sklerosisi ya mabaka husababishwa na kubanwa kwa mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Mjadala huo ulifanyika Ulaya na Amerika Kaskazini, lakini makala yanausoma kutoka Gatumba, mji mdogo wa mpakani mwa Burundi na Kongo, ambako Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hukutana sokoni na kwenye vituo vya afya. Hoja kuu ni kwamba neno mshipa, ambalo hubeba kwa pamoja maana ya njia ya damu, neva na kano, humfanya msikilizaji wa Kiswahili aikubali nadharia hiyo kabla ya kuelezwa ushahidi wake. Makala yanapendekeza kigezo cha kuunda istilahi za tiba: jina la ugonjwa lieleze hali inayoonekana, lisitangulie kutaja chanzo ambacho bado kinatafutwa.

Maneno muhimu: mshipa, neva, istilahi za tiba, sklerosisi ya mabaka, Gatumba, ridhaa ya utafiti

1.0 Utangulizi

Gatumba iko katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, karibu na mahali Mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika. Katika maandishi ya sera, mji huu hutajwa kwa mambo matatu: mauaji ya wakimbizi wa Kibanyamulenge ya tarehe 13 Agosti 2004, mafuriko ambayo tangu mwaka 2020 yamewahamisha watu kwa maelfu, na magonjwa ya kuambukiza. Kipindupindu hurejea mara kwa mara katika ukanda huu wa ziwa. Julai 2024 Burundi ilitangaza mlipuko wa mpoksi, na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Kwa hiyo lugha ya afya iliyozoeleka Gatumba ni ya magonjwa yenye chanzo kinachoweza kuelezwa kwa sentensi moja: chemsha maji, nawa mikono, usimguse mwenye upele.

Sklerosisi ya mabaka haielezeki hivyo. Ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga ya mwili huushambulia utando wa mayelini unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo, ukaacha mabaka ya makovu. Mgonjwa aweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, akapona, kisha miezi baadaye akafa ganzi miguu, akapepesuka, au akashindwa kuzuia mkojo. Kuuthibitisha kunahitaji daktari bingwa wa neva, kipimo cha MRI, na mara nyingi uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo. Shirikisho la Kimataifa la ugonjwa huu lilikadiria mwaka 2023 kuwa watu milioni 2.9 duniani wanaishi nao. Kwa muda mrefu imesemwa kwamba ugonjwa huu ni nadra karibu na ikweta, na huenda ni kweli; lakini mahali ambapo vipimo ni adimu, idadi ndogo ya wagonjwa haiwezi kutenganishwa na idadi ndogo ya waliopimwa.

Jina tunalolitumia linahitaji maelezo mafupi. Kiingereza huusifia ugonjwa huu kwa wingi wa makovu. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya mafunzo ya tiba nchini Burundi, huusifia kwa mabaka. Tumeufuata mkondo wa Kifaransa kwa sababu baka ni kitu ambacho mgonjwa anaweza kuonyeshwa katika picha ya ubongo wake, ilhali wingi peke yake haumwelezi lolote. Sababu nyingine, iliyo nzito zaidi, itajitokeza katika sehemu ya tano.

2.0 Nadharia na safari yake

Uhusiano wa ugonjwa huu na mishipa ya damu haukubuniwa jana. Mwaka 1863 mtaalamu wa patholojia Eduard Rindfleisch alibaini kuwa katikati ya baka mara nyingi hupita mshipa wa damu. Katika miaka ya 1930 Tracy Putnam, mtaalamu wa neva nchini Marekani, alishikilia kuwa damu iliyoganda katika mishipa midogo ndiyo inayozaa mabaka, na baadaye dawa za kuzuia damu isigande zikajaribiwa kwa wagonjwa. Matumaini hayo yalififia, lakini swali lenyewe halikufutwa.

Mwaka 2009 Paolo Zamboni, daktari wa upasuaji wa mishipa wa Chuo Kikuu cha Ferrara nchini Italia, ambaye mkewe alikuwa na ugonjwa huo, alichapisha na wenzake utafiti wa wagonjwa 65 na watu 235 wa kulinganisha. Walieleza hali waliyoiita upungufu sugu wa mtiririko wa vena za ubongo na uti wa mgongo: vena za shingo na kifua zimebanwa, damu inarudi nyuma, na madini ya chuma yanabaki kwenye ubongo na kuudhuru. Kwa mujibu wa utafiti huo, vigezo vya altrasaundi viliwatenganisha wagonjwa na wazima kwa ukamilifu wa asilimia 100. Tiba iliyopendekezwa ilikuwa kuingiza katheta yenye puto ndani ya vena na kuipanua. Waliipa jina la tiba ya ukombozi.

Novemba 2009 kituo cha televisheni cha CTV nchini Kanada kilirusha kipindi kuhusu habari hiyo, na mambo yakabadilika kwa kasi. Wagonjwa wa Kanada waliunda vikundi, wakakusanya taarifa za waliokwisha kupanuliwa vena, wakawaandikia wabunge, wakaandamana. Serikali ya nchi yao ilipokataa kuigharimia tiba isiyothibitishwa, wengi walisafiri kwenda Poland, India, Mexico na Costa Rica wakilipa kutoka mifukoni mwao. Mei 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ikitaja vifo, kiharusi, na stenti zilizohama kutoka mahali zilipowekwa.

Majibu ya utafiti yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 2011 watafiti wa Buffalo nchini Marekani walikuta hali hiyo kwa asilimia 56.1 ya wagonjwa, lakini pia kwa asilimia 22.7 ya watu wazima wa afya. Mwaka 2013 utafiti mkubwa wa Kiitalia uitwao CoSMo, uliosomewa na wataalamu wasiojua nani ni mgonjwa, uliikuta kwa asilimia 3.26 ya wagonjwa, asilimia 3.10 ya wenye magonjwa mengine ya neva, na asilimia 2.13 ya wazima. Mwaka huohuo kundi la Anthony Traboulsee nchini Kanada lilipima kwa katheta, njia iliyo sahihi zaidi ya altrasaundi, na kukuta vena zilizobanwa kwa zaidi ya nusu katika asilimia 74 ya wagonjwa, asilimia 66 ya ndugu zao na asilimia 70 ya watu wasio na undugu nao. Maana yake ni kwamba vena nyembamba za shingo ni umbile la kawaida la binadamu. Hatimaye, majaribio mawili yaliyowapanga wagonjwa kwa bahati nasibu, moja la Kanada na lingine la Italia likiongozwa na Zamboni mwenyewe, hayakuona faida ya kupanua vena. Ripoti ya jaribio la Italia, iliyotoka mwishoni mwa 2017, ilihitimisha kuwa tiba hiyo haifai kupendekezwa kwa wagonjwa.

Namba hizi zinastahili kusomwa kwa mfululizo: 100, 56.1, 3.26. Mshuko huu haukuletwa na wagonjwa kubadilika. Ulitokana na mpimaji kufichwa utambulisho wa anayempima. Altrasaundi ya vena hutegemea mno mkono wa anayeishika. Shinikizo dogo juu ya ngozi laweza kuibana vena, na mtu anayetarajia kuona ubanaji ataukuta.

3.0 Hadithi iliyo rahisi kueleweka

Uhakiki mwingi wa mjadala huu umewagawa wahusika katika makundi mawili: sayansi iliyo makini kwa upande mmoja, na wagonjwa waliodanganyika kwa upande mwingine. Mgawanyo huo haututoshi. Unashindwa kueleza kwa nini nadharia hii, kati ya nadharia nyingi zilizowahi kutolewa, ndiyo iliyowasimamisha wagonjwa.

Jibu la kwanza limo katika umbo la hadithi yake. Nadharia ya kinga inamwambia mgonjwa kwamba mwili wake unajishambulia, kwa sababu isiyojulikana vizuri, na kwamba dawa itapunguza mashambulizi bila kuyakomesha. Nadharia ya vena inamwambia kwamba kuna bomba limeziba na kwamba laweza kuzibuliwa leo. Ya kwanza haina mwisho. Ya pili ina chanzo, fundi, kitendo na matokeo. Mgonjwa anayechagua ya pili hajaacha kufikiri. Amechagua maelezo yanayomwachia jambo la kufanya.

Jibu la pili limo katika neno ukombozi. Katika Afrika Mashariki neno hili limebeba uzito wa harakati za uhuru na wa mahubiri ya kanisani, na kuliweka mbele ya tiba ni kumweka anayeihoji upande wa mkoloni. Lakini Kiswahili kina maana nyingine ya zamani: kukomboa ni kulipa ili kukirudisha kitu kilichowekwa rehani. Maana hii ndiyo iliyotimia. Wagonjwa walilipa maelfu ya dola kuikomboa miili yao, na deni likabaki palepale.

Eneo letu limewahi kupitia hali kama hii. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza Kemron, dawa ya interferoni ya kiasi kidogo iliyotafitiwa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, kuwa ushindi dhidi ya Ukimwi. Jaribio lililodhibitiwa lililofanywa baadaye Kampala halikuona faida yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka nchi zetu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kemron, kikombe na vena vinatofautiana kwa mengi, lakini vinafanana katika jambo moja linalomhusu mshauri wa sera: tumaini lilitangazwa kwa lugha ambayo watu wanaijua, na kanusho likaja kwa lugha ya majarida.

4.0 Mshipa kama mtego wa lugha

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari inaonyesha kuwa mshipa ni jina la jumla: njia ya damu, neva na kano, pamoja na maradhi ya uvimbe wa sehemu za siri za mwanamume. Matumizi ya kila siku yanaongeza tabia na hisia. Mtu asiye na haya hukosa mshipa wa aibu, na mwenye kubishana hutokwa na mishipa ya shingo. Kirundi hakimwokoi msikilizaji wa Gatumba, kwani umutsi, na wingi wake imitsi, nalo huunganisha njia ya damu na kano. Anayevuka mpaka kutoka Uvira akizungumza Kiswahili cha Kongo na anayempokea kwa Kirundi wanakutana katika neno lenye upana uleule.

Upana huo si kasoro ya lugha. Mchinjaji na fundi wa mifupa hawahitaji zaidi; nyuzi zote zinazopita mwilini ni mishipa. Kasoro huanza pale neno hilo linapobebeshwa kazi ya utambuzi wa kitabibu. Mgonjwa akiambiwa ana ugonjwa wa mishipa, ameambiwa nini? Aweza kuelewa shinikizo la damu, kiharusi, maumivu ya mgongo au busha. Na akiisikia habari kwamba daktari mmoja wa Italia amegundua mishipa iliyobanwa kwa wenye ugonjwa wa mishipa, ataiona kuwa jambo lililo wazi mno kiasi cha kutohitaji ushahidi. Katika Kiitalia au Kiingereza, kusema kuwa ugonjwa wa neva unatokana na vena ni dai linalounganisha vitu viwili tofauti, na msikilizaji hulazimika kuuliza vinaunganishwaje. Katika Kiswahili cha kawaida vitu hivyo vimekwisha kuunganishwa na neno lenyewe. Dai limegeuka kuwa ufafanuzi.

Uzoefu wa mwili huongeza nguvu ya mtego huu. Kila mtu aliyeukalia mguu wake hadi ukafa ganzi amejifunza kusema kuwa damu haikupita, ingawa sehemu kubwa ya ganzi ile hutokana na neva kubanwa. Ganzi ni mojawapo ya dalili za mwanzo za sklerosisi ya mabaka. Kwa hiyo mgonjwa anakuja kwa mhudumu akiwa na nadharia yake ya mishipa ya damu tayari, aliyoipata kwa njia ya halali kabisa, yaani kwa kuusikiliza mwili wake katika lugha aliyonayo.

Itapingwa kwamba Kiswahili sanifu kimekwisha kutatua jambo hili kwa kusema mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Pingamizo hili lina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, katika mazungumzo kivumishi hudondoka. Anayesema haraka, au anayetafsiri kutoka Kifaransa akiwa na foleni mlangoni, hubaki na mishipa tu. Pili, neno fahamu lina mzigo wake. Kupoteza fahamu ni kuzirai, na mwenye fahamu ni mwenye akili timamu. Kumwambia mwanamke ambaye miguu yake imelegea kwamba ugonjwa wake uko kwenye mishipa ya fahamu ni kumpa yeye, na familia yake inayosikiliza, mwanya wa kudhani kuwa anashukiwa wazimu. Jina lililokusudiwa kuleta usahihi laweza kuleta unyanyapaa.

Istilahi za shule, neva kwa nyuzi za taarifa, vena kwa njia inayorudisha damu moyoni na ateri kwa njia inayoitoa, zimo katika vitabu vya baiolojia. Ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi aliye na kitabu mbele yake. Lakini kwa sikio, neva na vena ni maneno yenye sauti zilezile zilizobadilishana nafasi. Tungeweza kuikimbia kanganyiko moja na kuingia nyingine mbaya zaidi, hasa katika somo hili ambalo hoja yote ni kutofautisha neva na vena.

5.0 Jina lisitangulie utafiti

Ni jina la namna gani basi linalofaa? Mfano mzuri unapatikana upande wa pili wa Rusizi. Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu unaotokea ghafla kwa watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa na vita. Ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango, Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 2011 watafiti waliripoti kutokea kwake Burhinyi, Kivu Kusini, katika mazingira ya vita. Neno konzo ni la Kiyaka, na linataja miguu iliyofungwa. Waliolitoa ni watu walioishi na ugonjwa huo, na Shirika la Afya Duniani lilipoweka vigezo vya utambuzi mwaka 1996 lililibakiza jina hilo.

Ubora wa jina hili ni kwamba linasema kweli bila kusema zaidi. Linaeleza anachokiona jirani: mtu anatembea kama aliyefungwa miguu. Halisemi kama kilichomfunga ni uchawi, kirusi au sumu ya mihogo. Kwa sababu halikutaja chanzo, halikuhitaji kubadilishwa chanzo kilipochunguzwa. Tukilinganisha, jina ugonjwa wa mishipa linatoa hukumu kabla ya kesi. Sklerosisi ya mabaka, pamoja na ugeni wa nusu yake, hufuata njia ya konzo: linataja makovu yanayoonekana, na chanzo linakiacha wazi.

Na chanzo kinahitaji kuachwa wazi, kwa sababu utafiti haujasimama. Januari 2022 Bjornevik na wenzake, wakitumia sampuli za damu zilizohifadhiwa za zaidi ya askari milioni 10 wa Marekani, walionyesha kuwa hatari ya kupata ugonjwa huu huongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo huwapata karibu watu wote duniani, na katika nchi zetu huwapata wengi wakiwa watoto wadogo. Kwa nini basi wachache tu huugua, na umri wa kuambukizwa una nafasi gani? Ni swali ambalo Afrika Mashariki ingeweza kulichangia, si kama eneo lililo nyuma, ila kama eneo lenye historia tofauti ya maambukizi.

Hata mshipa wa damu umerudi, kwa mlango mwingine. Mshipa ule alioubaini Rindfleisch katikati ya baka sasa huonekana katika picha za MRI, na vigezo vipya vya kimataifa vya utambuzi vimeukubali kuwa mojawapo ya alama za kutofautisha mabaka ya ugonjwa huu na mengine. Damu ndiyo njia ambayo seli za kinga hupitia kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo wagonjwa waliosema kuwa mishipa ya damu inahusika hawakukosea kabisa. Kilichokosewa ni hatua ya kutoka kuhusika hadi kusababisha, na kutoka kusababisha hadi kuzibua. Ni hatua mbili ambazo Kiswahili kinaweza kuzieleza barabara, mradi tusizifiche ndani ya nomino moja.

6.0 Nafasi ya mgonjwa katika kuelekeza utafiti

Yapo mambo mawili ambayo vikundi vya wagonjwa wa Kanada vilifanikiwa kuyafanya, na haki inatutaka tuyataje. Vililazimisha fedha za umma zielekezwe kwenye kupima dai, badala ya kuliacha lielee kati ya uvumi na dharau. Pia vilifichua kwamba mgonjwa aliyerudi kutoka nje baada ya tiba isiyoidhinishwa aliweza kukosa daktari wa kumfuatilia nyumbani. Hasara nayo ilikuwepo: fedha na miaka ya watafiti ilitumika kulikanusha dai ambalo upimaji wa kificho ungelipunguza tangu mwanzo.

Ipo njia bora ya kuipa sauti hiyo nafasi. Mwaka 2013 nchini Uingereza wagonjwa, walezi na wahudumu walikubaliana orodha ya maswali kumi ya kipaumbele kuhusu ugonjwa huu. La kwanza liliuliza ni tiba zipi zinazopunguza, kusimamisha au kurudisha nyuma ulemavu. Mengine yaligusa uchovu na maumivu. Wagonjwa walipoulizwa kwa utaratibu, hawakuomba nadharia fulani ishinde. Waliomba majibu juu ya maisha yao.

Kwa mtu wa Gatumba, mlolongo wa maswali ungeanza chini zaidi. Kulegea miguu huku kunatokana na nini: konzo, virusi, kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa lishe, au kinga kuishambulia neva? Nani ataniangalia, Bujumbura au Bukavu? Dawa ipo? Swali la mwisho lilipata jibu la kisera Julai 2023, Shirika la Afya Duniani lilipoingiza kwa mara ya kwanza dawa za ugonjwa huu, kladribini, asetati ya glatirama na rituksimabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Orodha hiyo haileti dawa dukani. Inachofanya ni kumpa mshauri wa wizara msingi wa kuidai, na kumwondolea kisingizio cha kusema kuwa huu ni ugonjwa wa matajiri.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, makala yanatoa mapendekezo manne.

Kwanza, katika maandishi na mazungumzo ya tiba kwa umma, neno mshipa liachiwe njia za damu pekee, na neno neva litumike kwa nyuzi zinazobeba taarifa kati ya ubongo na viungo. Neno vena libaki darasani; kwa mgonjwa litafsiriwe kuwa mshipa unaorudisha damu moyoni. Ni refu, lakini halikosewi kwa sikio. Istilahi ya mishipa ya fahamu iachwe taratibu kwa sababu ya mzigo wa neno fahamu.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, ichukue kanuni ya konzo kuwa kigezo cha kuunda majina ya magonjwa: jina litaje hali, lisitaje chanzo kabla ya utafiti kukithibitisha. Kazi hiyo ihusishe wasemaji wa Burundi na mashariki mwa Kongo tangu hatua ya kukusanya maneno. Mara nyingi wamekuwa wakiletewa istilahi zilizokwisha kufungwa.

Tatu, istilahi za utafiti zipewe uzito uleule wa istilahi za magonjwa. Mjadala wa vena uliamuliwa na mambo matatu: kundi la kulinganisha, mpimaji asiyejua nani ni nani, na tiba ya kuigiza ambayo mgonjwa haitofautishi na ya kweli. Mtu asiyeweza kuyaeleza haya kwa lugha yake hawezi kutoa ridhaa ya kweli kwa jaribio lolote, wala hawezi kulitambua tangazo la tiba lisilo na hata moja kati ya hayo. Fomu za ridhaa zinazoletwa katika ukanda wa Rusizi zipimwe kwa kusomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji wa Kirundi na wa Kiswahili, kisha wao wenyewe waombwe kueleza walichosikia.

Nne, kanusho lisafiri kwa njia ileile ya tangazo. Kama tumaini limefika kwa redio, matokeo ya jaribio yafike kwa redio, kwa Kiswahili na Kirundi, yakitaja namba na jinsi zilivyopatikana.

Mapendekezo haya hayatamponya mtu. Lakini mgonjwa anayejua kuwa tatizo lake liko kwenye neva, kwamba mishipa yake ya shingo ni kama ya jirani yake, na kwamba chanzo bado kinatafutwa, ana nafasi nzuri zaidi ya kuilinda fedha ya familia yake na kuuliza swali lenye manufaa kwa watafiti. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mawasiliano mapana yanayomwacha mgonjwa bila kujua kama anaumwa damu au neva hayajatimiza agizo hilo.